Robine ya Kulia

Ipo asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nguo zangu hupata unyevu. Usicheke. Nimewasimulia habari hii watu wengi kiasi kwamba ningewapanga mstari, wa kwanza angekuwa stendi ya Nyabugogo anatafuta basi na wa mwisho angekuwa bado anapanda kilima cha Rebero. Wote walianza kwa kucheka kama wewe. Kisha walirudi makwao, wakazima redio, wakasikiliza mabomba yao.

Wakati huo nilikuwa kijana. Magoti yangu yalikuwa hayajaanza kupiga kelele kuliko pampu. Kazi yangu ilikuwa hii hii unayoiona leo, bustani za watu na maji yake. Mtu ana nyasi mbele ya nyumba, amechoka kushika mpira, anataka vile vichwa vya plastiki vinavyolala ardhini, maji yakija vinainuka vyenyewe, vinarusha maji kwa duara, halafu vinarudi kulala. Mimi nilivitandika, nilivikagua, nilivisafisha. Mchana nilikuwa kwenye udongo, jioni nilikuwa darasani pamoja na watu wazima wenzangu, kila mmoja akijitahidi asisinzie.

Nilipomaliza masomo yale ya jioni nilikitia cheti changu cha Kiswahili kwenye fremu niliyochongesha Gisozi, kwa mafundi wa soko la Agakiriro. Fremu ilikuwa kubwa hata tukaondoa dirisha ili iingie ndani. Nami ni mzaliwa wa Nyamirambo, hapa hapa Kigali, mjukuu wa mchuuzi wa vitambaa aliyefika na marobota yake kutoka pwani. Kwetu Kiswahili kilikuwa cha nyumbani kabla hakijawa somo. Sasa mtu kama huyo mpe cheti uone! Nikawa polisi wa herufi. Mji mzima unachanganya r na l, unajua mwenyewe, nami nikajiona nimetumwa kuzitenganisha. Mtu akisema "nakura wari", basi wali ule ulipoa mbele yake mpaka aseme sawasawa. Liweke hilo mfukoni, mwanangu. Tutalihitaji.

Basi nikaitwa Rebero. Mwenye nyumba alikuwa Mama Kayitesi, mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikulia Mwanza kabla ya kurudi nyumbani, na Kiswahili chake kilinyooka kama uzi wa mwashi. Binti yake Kayitesi alikuwa na mchumba, na wageni wa upande wa kijana wangekuja kumwomba rasmi, ile sherehe yetu ya gusaba. Mahema yangesimama kwenye nyasi za mbele. Mama alitaka nikague mfumo wote wa maji kabla ya siku hiyo. Mumewe, Mzee Gasana, ndiye aliyeutandika kwa mikono yake, na tangu afariki hakuna aliyegusa kitu.

"Uje alfajiri," aliniambia kwenye simu. "Alfajiri utaona mwenyewe."

Sikuuliza nitaona nini. Alfajiri ni saa nzuri ya ukaguzi. Mji bado haujafungua mabomba yake, na maji yanakuja kwa nguvu zote.

Nilifika kukiwa na ukungu. Bonde lilikuwa limezama, vilima vya ng'ambo vikielea peke yao kama vimesahauliwa na ardhi. Geti lilikuwa wazi. Nikaingia, nikaona nyasi, nikasimama.

Njia ya mawe iliigawa bustani. Upande mmoja nyasi zilikuwa zimekufa, zikivunjika chini ya kiatu kama biskuti. Upande wa pili palikuwa na kijani, lakini si pote. Ulikuwa mstari tu, upana wa mtu anayetembea. Ulianzia mlangoni mwa nyumba, ukapinda kidogo kuukwepa mparachichi, ukaenda mpaka ukingoni, pale kiwanja kinapokwisha na ukuta wa mawe unaposhuka kwa jirani wa chini. Kando ya mstari huo, vumbi tupu. Nyasi nilizoziona maishani zingeifunika nchi hii mara mbili na kubaki za kuwapa ng'ombe. Lakini sikuwahi kuona nyasi zilizoota kufuata mwendo wa mtu.

Mama Kayitesi alikuwa amesimama barazani, kitenge begani. Akaweka kidole mdomoni.

Ndipo nikasikia. Kwanza nilidhani ni paka. Sauti nyembamba, ndefu, inapanda kidogo, inakatika kama mtu anayevuta pumzi, inaanza tena. Haikutoka barabarani wala kwa jirani. Ilitoka chini, karibu na miguu yangu. Katika mji huu, mwanangu, mtu hasikii ardhi ikilia kisha akaenda kunywa chai yake. Tangu yale mauaji, kila ukoo una sababu yake ya kuinama na kusikiliza. Mimi niliyekuwa na mdomo mrefu kuliko barabara ya Huye, siku hiyo niliinama, nikatega sikio.

Kisha vichwa vikaanza kuinuka. Si kwa kishindo, jinsi vinavyoruka maji yakifunguliwa. Kile cha karibu na mlango kilitoka ardhini polepole, kikasimama, hakikurusha maji, yalikitiririka tu shingoni. Halafu cha pili. Halafu kilichofuata. Kimoja kimoja, kama kuna mtu anapita hapo na kila kimoja kinainuka kumwamkia. Vikafuatana hadi cha mwisho, kile cha ukingoni juu ya ukuta. Hicho kilichelewa. Kilipotoka kilijizungusha kidogo, kikatuelekea sisi.

Kisanduku cha saa, kile kinachoamuru maji yafunguke na kufungwa, kilikuwa ukutani kando yangu. Nikakifungua. Betri zilikuwa zimetolewa zamani, na mahali pake buibui alikuwa amejenga ghorofa.

"Umeamkaje, Baba Kayitesi?" mama akasema kuelekea ukingoni. Alisema kawaida kabisa, kama anayemsalimia mtu aliyeko jikoni. Kisha akanigeukia. "Msalimie mzee."

"Mzee yupi, mama?"

"Mzee Gasana. Saa hizi hutoka kuangalia nyasi zake."

Ungefanyaje? Nikasema shikamoo. Nywele zangu zilisimama mpaka kofia ikapanda. Sikuitikiwa, na kusema kweli nilishukuru.

Jua lilipochomoza vichwa vilizama, kimoja kimoja, na kile kilio kikafifia, ingawa ukitega sikio kilikuwepo bado. Tukakaa barazani, akanimiminia chai ya maziwa, akaanza kunipa masharti ya kazi.

"Upande wa kushoto usiguse," akasema. "Na robine ya kulia usiifungue."

Robine, kama tunavyokiita kile kifungio cha maji, zilikuwa mbili. Zilikaa pamoja ndani ya shimo dogo karibu na baraza, chini ya mfuniko wa chuma. Ya kulia ilipeleka maji upande ule wa nyasi zilizokufa, ya kushoto upande ule wa mstari wa kijani. Kila moja ina mpira ndani, unaofunguka saa ikiamuru, na juu ina mkono wa kufungia mwenyewe.

"Mama," nikasema, "nyasi za kulia zimekufa kwa sababu robine yake umeifunga. Nikikatazwa kuifungua, na ya kushoto nisiiguse, hapo unaniambia nioshe gari kwa kulitazama."

Akacheka kidogo. Kisha akaniambia kwa nini.

Mzee Gasana alikulia Uganda. Walipokutana hapa Kigali alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji tu, lakini alipojua kwamba yule binti wa Mwanza anacheka na kuota kwa Kiswahili, akajifunza kwa ajili yake. Kwa mdomo wake r na l zilikuwa ndugu mapacha. Alikuwa akisema, "Chakura kizuri sana, mke wangu." Naye anamjibu, "Chakula, mume wangu." Mzee anasema, "Ndiyo, hicho hicho." Wakazeeka na mchezo huo. Watoto waliongea nao Kinyarwanda, ila wawili peke yao ni Kiswahili, yeye akikosea na mkewe akisahihisha.

"Hospitalini," akasema Mama Kayitesi, "alikuwa hawezi tena kuinua kichwa. Akanishika mkono akasema, usisahau, funga robine ya kurira. Nikamwambia, ya kulia, mume wangu. Akatabasamu. Akasema, ndiyo, hiyo hiyo." Akakunja pindo la kitenge. "Hayakufuata maneno mengine ya maana. Siku tuliyomzika nilirudi na tope la makaburini kwenye viatu, na kabla sijakaa nilikwenda kuifunga ile ya kulia. Nikatoa na betri za saa. Asubuhi yake akaanza kuja. Nimemtii, naye anakuja. Unaelewa sasa?"

Nilielewa kiasi cha kunywa chai bila kuongeza sukari.

Nikafanya kile nilichoruhusiwa. Vichwa vya upande uliokufa nilivifungua kimoja kimoja, nikatoa vichujio vyao vidogo na kuvisuuza mchanga. Nikakata mizizi iliyokuwa inavibana shingo, nikavinyoosha vilivyolala ubavu kwa kukanyagwa. Kazi nzuri ya mikono hufukuza hofu. Kisha nikaenda kuuona ukingo. Si kugusa, mwanangu. Kuona tu.

Huko mguu wangu ukazama. Kiangazi chote nchi imekauka mpaka mbuzi wanapiga chafya, na hapa udongo unameza kiatu kama ugali unavyomeza kidole. Nikauchomoa. Nikageuka nyuma kuangalia nilikopita, na nyayo zangu zilikuwa zinajaa maji. Kisha nikaona nyingine mbele yangu, kubwa kuliko za kwangu, nazo zimejaa maji, zimesimama pamoja zikitazama bonde. Labda ni za askari wa geti. Labda. Askari yule alikuwa na miguu midogo kama ya bata.

Nikatoka, nikazunguka kwa njia ya mteremko hadi kwa jirani wa chini.

Hapo aliishi bibi mmoja, Venansia kwa jina, ila wote walimwita Mukecuru, ndivyo tunavyomwita bibi kizee kwa heshima. Alikuwa mdogo wa mwili kama punje, na fimbo yake ndefu kumpita. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na chumba cha kulala kiliuegemea ule ukuta wa mawe.

"Mwaramutse, Mukecuru," nikamwamkia.

"Mwaramutse. Wewe ndiyo fundi ya majani ya juu?"

"Ndiyo, mimi."

"Imana ishimwe! Mungu asifiwe! Kuja uone ukuta yangu. Iko narira."

Akanivuta mkono hadi nyuma. Ukuta ulikuwa umevimba katikati, kama tumbo. Mawe yalikuwa na jasho. Na katikati ya lile tumbo palikuwa na doa la maji, jeusi, refu, lenye mabega. Nimesimulia habari hii miaka na miaka nikiongeza hiki na kile, sikatai. Lile doa sijawahi kuliongeza chochote. Lilikuwa na mabega, na mkono mmoja ulioning'inia.

Kilio kilikuwa hapo, ndani ya mawe. Hapo kilikuwa wazi kuliko juu.

"Kila asubuhi narira," akasema Mukecuru. "Mimi naweka mukono hapa, naambia yeye, ihangane. Vumilia, ndugu yangu. Iko narira tu."

Na mimi, mwanangu, mtu mwenye cheti ndani ya fremu, mbele ya ukuta unaotoka jasho, unajua nilimwambia nini?

"Mukecuru, si 'iko narira'. Sema 'unalia'. Ukuta unalia."

Alinitazama kwa muda. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Ukisema vizuri hivyo," akauliza, "inanyamaza?"

Ukuta uliendelea kulia.

"Basi wewe iko nasikia mudomo ya mutu. Mutu mwenyewe husikii. Askari ya juu pia niliambia yeye, akasema mukecuru amerewa. Mimi, pombe niliacha hata mama yako hajazaliwa! Sasa kitanda yangu iko hapa." Akapiga ukuta wa chumba chake kwa fimbo. "Hapa nyuma. Kichwa yangu na hii mawe, tunarala kama mutu na bwana yake."

Nikaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa baridi, nalo lilikuwa linatetemeka, kidogo sana, kama kuku aliyejificha ukimshika. Mchanga ulikuwa unatoka kwenye maungio, punje kwa punje. Nikainua macho. Juu ya vilima vya ng'ambo mawingu ya kwanza ya mvua za vuli yalikuwa yamekaa, mazito, hayana haraka. Udongo ule ulikuwa umeshiba maji ya wizi kiangazi chote. Ukiongezewa ya mbinguni ungeshuka na ukuta wake, na ungeshukia kitanda cha mtu.

"Mukecuru, tutoke hapa. Tupande juu kwa Mama Kayitesi."

"Mimi? Kwa ule mama wa geti kubwa? Sijakaribishwa."

"Nakukaribisha mimi."

"Wewe ni nani?"

"Fundi ya majani," nikasema, na akacheka, jino lake moja likaona jua.

Tulipanda ule mteremko kwa muda ambao mtu angeweza kulima shamba, akavuna, akauza. Majirani hawa wawili walikuwa wamesalimiana kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, wakifagia barabara ile ile, lakini hakuna aliyewahi kunywa chai ya mwenzake. Mama Kayitesi alimpa kiti. Nikamweleza yote, ukuta, tumbo, mchanga, kitanda. Nikamwambia maji yanatoka upande wake wa kushoto, na lazima nifunge.

Uso wake ukajifunga kabla ya robine.

"Upande huo nilikuambia usiguse."

"Mama, mvua ikinyesha..."

"Nitawaleta waashi wa ukuta. Nitamlipia Mukecuru chumba mahali pengine. Lakini hiyo huifungi." Sauti yake haikupanda, ndiyo kwanza ilishuka. "Nilimzika mara moja. Mnaniomba nimzike tena."

Hapo kilio kikasikika, kutoka kwenye lile shimo karibu na baraza, chini ya mfuniko. Mukecuru akainamisha kichwa upande.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye," akasema Mama Kayitesi.

"Pole, binti yangu. Alisema nini, mzee, akienda?"

Mama Kayitesi akarudia. Aliambiwa afunge robine ya kulia.

"Hapana. Yeye. Kwa mudomo yake yeye mwenyewe, alisema namna gani?"

"R na l zilikuwa zikimchanganya. Alisema 'ya kurira'. Nikamsahihisha."

Mukecuru akaweka mikono miwili juu ya fimbo. Kisha akauliza kwa Kinyarwanda, polepole, kama anavyoulizwa mtoto aliyepotea njia: "Irira ni iyihe?"

Inayolia ni ipi?

Mwanangu, wewe ni wa hapa, umekwisha kuelewa. Kurira kwa Kinyarwanda ni kulia. Kulia kwa machozi. Mgonjwa yule hakukosea herufi. Alichoka, Kiswahili kikamwishia katikati ya sentensi, akamalizia kwa lugha ya mama yake. Aliiacha robine inayovuja, inayolia kila alfajiri, na alikuwa na wasiwasi nayo. Naye mkewe akamrekebisha kwa mapenzi yote, ya kulia, mume wangu. Mzee akatabasamu, kwa sababu kurira kwa Kiswahili si ndiyo kulia? Akasema hiyo hiyo. Mmoja akawa anasema machozi, mwingine akasikia mkono wa kuume, na wote wawili wakaridhika.

Mama Kayitesi alisimama. Nilikwisha kuinua ule mfuniko. Bila chuma juu yake sauti ilitoka kama mtu aliyetolewa kitambaa mdomoni. Robine ya kulia ilikuwa kavu, imefungwa, na vumbi juu yake. Ya kushoto ilikuwa na maji mwili mzima, na ndiyo iliyolia.

Hakuniachia mimi. Alipiga magoti kwenye udongo na nguo yake nzuri, akashika ule mkono. Ulikuwa mgumu. Aliuzungusha, na sauti ikapanda, ikawa nyembamba sana, mpaka Mukecuru akasema "ihangane, ihangane" na sikujua anamwambia nani. Kisha ikakatika.

Kimya kile, mwanangu. Nimesikia vimya vya misikiti na vya vyumba vya mitihani. Kile kilikuwa na uzito.

Asubuhi ilikuwa imekwenda na vichwa vyote vilikuwa vimelala ardhini, ila kimoja. Kile cha ukingoni kilikuwa kimesimama, kimetuelekea. Jua lilikuwa juu yake, na sikumbuki kukiona kikiinuka. Mama Kayitesi alikitazama. Akatembea juu ya ule mstari wa kijani, akapinda kuukwepa mparachichi, nami nyuma yake nimemshika kitenge asikaribie sana. Akasimama pale udongo ulipoanza kulegea.

"Nimefunga, mume wangu," akasema. "Ya kurira."

Alisema hivyo hivyo, kwa r mbili.

Kichwa kikashuka. Polepole, kwa heshima, kama mtu anayeketi baada ya kuambiwa karibu.

Sasa fundi atakueleza, na mimi ni fundi. Mpira wa ndani ya ile robine ulikuwa umechanika. Maji yalipenya kwenye ufa yakipiga mluzi. Alfajiri mji umelala, maji yana nguvu, yanajaza bomba na kuvisukuma vichwa juu, cha kwanza kwanza na cha mbali mwisho. Mstari wa kijani ulifuata bomba, na bomba lilipitishwa pale alipopenda kupita mwenye kulichimbia. Maji yote yakishuka yanajikusanya mahali pa chini kabisa, nyuma ya ukuta. Hayo yote ni kweli, na nimeyafundisha vijana wengi. Mpira mpya niliutia siku ile ile.

Mukecuru alihamia chumba cha wageni cha Mama Kayitesi jioni hiyo, akilalamika kwamba godoro ni laini mno na litamfanya mvivu. Waashi walikuwa hawajaanza mvua ilipokuja. Ilikuja mchana, tukiwa barazani. Tulisikia kitu kama pumzi kubwa kutoka chini, na tulipoteremka, tumbo la ukuta lilikuwa limepasuka na mawe yamelala kitandani mwa Mukecuru, juu ya shuka, kichwa kwenye mto. Yeye aliyaangalia sana. Akasema, "Wanarala vizuri." Kisha akakaa chini kwenye tope, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia. Sikumsahihisha chochote.

Ukuta ulijengwa upya, na matundu ya kutolea maji. Gusaba ikafanyika juu ya nyasi za pande zote mbili, na Mukecuru alikaa viti vya mbele pamoja na wazee wa ukoo, akitoa maoni juu ya ng'ombe wa mahari bila kuulizwa na yeyote. Kile kichwa cha ukingoni nilikuwa nimekikata kwenye bomba na kulipiga bomba kizibo, maana ukingo haunyweshwi. Mama Kayitesi aliniomba nisikitoe ardhini, nikakiacha kimelala, hakina maji, hakijaunganishwa na kitu chochote duniani. Wageni walipoingia na kuanza kuomba mchumba niligeuka huko. Kilikuwa kimesimama, kikavu, kimeelekea mahema. Hapa sitii chumvi, mwanangu. Kwingine kote punguza unavyotaka. Hapa acha kama palivyo.

Basi sikiliza, wewe unayeachiwa nyumba na nyasi zake. Kiangazi kikianza, usitege saa ukaenda zako. Tembea na maji yako. Simama kwenye kila kichwa ukione kinainuka na kinarudi, kisafishe, kinyooshe, kitazame kinakorusha, kisirushe ukutani mwa mtu. Fungua shimo la robine, weka mkono uone ipi ina unyevu ilhali imefungwa. Ukiona nyasi za kijani mahali usipomwagilia, usifurahi, chimba. Amka alfajiri moja usikilize. Na ukiishi juu ya mtu, shuka ukaone maji yako yanafanya nini kwake, kabla hajapanda kukwambia, kwa sababu huenda amekwisha kupanda na mkamwita mlevi.

La mwisho ni hili, na ndilo nililoagizwa na bibi mwenye jino moja. Mtu akisema nawe, msikie kwanza. Acha aseme kwa r zake na l zake, kwa lugha yake nusu na ya jirani nusu, mpaka afike mwisho. Mwulize: unamaanisha ipi? Neno moja tu la kuuliza lingemwokolea mjane yule alfajiri nyingi. Kusahihisha kupo, hakukimbii. Watu ndio wanaoondoka.

Mungu akupe maji yanayokuja ukiyaita na kutulia ukiyaaga. Akupe ukuta mkavu nyuma ya kitanda chako, na jirani atakayekufungulia geti siku usiyokaribishwa. Siku utakapokuwa huna nguvu ya kumaliza sentensi yako, akuweke karibu na mtu atakayeinama na kukuuliza umesema nini. Na wakikuamkia wale usiowaona, itika kwa adabu, kisha uende ukafunge robine. Amina.